Figa la Mama Lililolambwa na Dokta

Uwemba Misheni,
Njombe.
21 Mei 2023

Mpendwa kaka Benno,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi Hilda na wanangu mkiwa wazima, na kile kifua chako kimepona. Sisi huku baridi imeshaingia, asubuhi hatubanduki jikoni. Mama ni mzima wa mwili, ila moyo wake umevurugika, na wangu pia. Ningepiga simu, lakini Mama amekataa. Anasema wewe ukiambiwa jambo zito, mtandao hukatika.

Kaka, kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini hili sikulitarajia. Ni kuhusu figa lako. Unalijua, lile refu la kushoto, ambalo marehemu baba alilibeba begani kutoka Ludewa alipohamia hapa misheni, na ambalo wewe, mzaliwa wa kwanza, ndiye wa kulichukua siku utakapojenga. Sasa watu wa chuo kikuu wanalitaka, na Mama amegoma.

Judith wangu, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, alichaguliwa na wenzake kwenda Dar kwa siku nne za masomo ya sayansi kwenye makumbusho ya chuo kikuu. Walipandia basi Makambako. Kule wanafunzi hawaachwi kuangalia vitu kwenye vioo tu. Wanapewa mikononi, wapime, wachore, waulize. Siku ya pili wakapewa mifupa ya wanyama wa zamani mno, iliyogeuka mawe huko ardhini. Judith akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama huu tunao nyumbani. Bibi anapikia maharage." Wenzake wote wakacheka. Mtaalamu wao, Dokta Elius, hakucheka. Alimpa karatasi achore, na alipouona ule mchoro aliisahau chai yake.

Mtu huyo alipanda basi moja na watoto kurudi nao! Jumamosi ya tarehe 13 asubuhi namwona anaingia uani na Judith, mtu mzima na mvi zake na tai yake. Mama alikuwa ameinjika chungu. Dokta akaomba moto uondolewe, akangoja saa nzima jiwe lipoe, akapiga magoti kwenye majivu, akalisugua kwa mswaki, halafu akalilamba. Nakuapia, alililamba kwa ulimi! Mama alimtandika mwiko wa bega. "Umekuja kuniroga jikoni kwangu?" Nilikosa pa kuweka uso. Yeye akajipangusa, akatueleza kwamba mfupa wa kale hunata kwenye ulimi, jiwe la kawaida halinati. Na hilo lilinata. Ni mfupa wa mguu wa mnyama aliyekufa kabla hata ndege hawajaumbwa.

Nilikaa chini. Miaka yote hiyo tunakula ugali uliopikwa juu ya goti la dude! Mama alishtuka kunizidi, lakini kwa lake. Alikwenda kwa Padri siku hiyohiyo kumwambia kwamba Ijumaa Kuu zote tangu aolewe, siku ambayo nyama hailiwi, amepikia juu ya mnyama. Padri, kwa jinsi Mama anavyosimulia, alicheka mpaka akafuta machozi, akamwambia hana dhambi. Basi kesho yake Mama akawasha moto upya palepale.

Hapo ndipo penye balaa. Joto limelijaza nyufa. Kipande kimoja kilidondoka mwaka juzi, nami, Mungu anisamehe, nikakizibia tundu la banda la kuku. Dokta alipokishika kimejaa kinyesi alikifuta kwa tai yake. Anasema likiachwa motoni, mwaka huu halimalizi. Kila Mama anapoinjika chungu nalisikia likipasuka, ta! na Judith anakimbilia nje asilie mbele ya bibi yake.

Tumembembeleza vya kutosha. Dokta aliahidi mafiga mapya matatu, na kwamba jina la baba, Clemens, litaandikwa pale makumbusho. Mama anajibu lilelile: jiwe ni la Benno, hakuna mwingine wa kulinyanyua. Nikasema basi tumpigie atoe ruhusa. Akasema ruhusa ya simu hainyanyui jiwe.

Jana nilikasirika, nikamuuliza kwa sauti kwa nini anachoma kitu cha thamani namna ile huku anajua. Akageuza ugali kwanza. Kisha akasema, "Yule Dokta hana undugu na jiwe, amesafiri siku mbili kulifuata. Benno nimemngoja miaka kumi na moja. Jiwe likiondoka kabla hajaja, atakuja kufuata nini?"

Kaka, jibu la swali hilo halitoki kwangu. Kama wewe unalo, mletee mwenyewe.

Wasalimie wifi Hilda, Jastin na Dainess. Judith anasema shikamoo mjomba. Mungu awatunze, na akufungulie njia ya huku.

Mimi dada yako akupendaye hata akikukasirikia,
Konsolata