Kikombe Nilichomnyima Baba

Nyumba ya Fundi Saa,
Chumba cha mbele, meza ya kazi.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yako yamepunguza ule ukorofi wao wa kwenye ngazi. Mzee wa hapo nyumbani hajambo? Na binamu zangu? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mdogo wangu amerudi kazini juzi, dada ameanza kula kidogo, nami nalala pale usingizi unaponihurumia. Wageni wa msiba wameondoka wote, na sasa ndipo nyumba inapoonekana kubwa.

Ndani ya bahasha umekuta kitambaa cheupe kilichokunjwa kwenye karatasi. Tafadhali kiweke mahali pakavu, usikishike kwa mkono wenye maji, kisha kaa chini uendelee kusoma. Habari zake zinakuja.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mimi ni mwongo. Siku tatu baada ya mazishi ulinipigia, tukalia wote wawili, kisha ukajituliza kwa kusema angalau kaka yako alikunywa mtindi wa mama yenu mpaka siku ya mwisho. Nikaitikia, ndiyo, Shangazi. Mwezi mmoja kabla ya hapo ulikuwa umeniuliza kama bado anaunywa, nikakujibu, kila siku. Yote mawili ni uongo. Baba amekufa akiwa na wiki sita na siku tatu hajaonja hata tone. Aliyemkataza ni mimi.

Unajua kazi yangu ni ukarani katika ile ofisi ya utafiti nyuma ya hospitali, vyumba vinne vyenye friji tatu na feni moja. Mwaka huu tulikuwa tunachunguza unga wenye vijidudu hai, wale wazuri wanaoishi tumboni na kusaidia chakula kusagika, ndugu zao wale wanaochachusha maziwa. Tulitaka kujua kama mtu mzima mwenye tumbo la kujaa gesi na choo kigumu atapata nafuu akimeza unga huo kwa wiki nane. Nusu ya watu hupewa unga wenyewe, nusu hupewa unga mtupu unaofanana nao, na hakuna anayejua nani kapata upi, si wao wala sisi. Na ili nafuu ikipatikana tujue imetoka wapi, mtu haruhusiwi kunywa mtindi wala kula kitu chochote kilichochachuka mpaka wiki hizo ziishe.

Tulihitaji watu sitini. Tukapata hamsini na tisa, tukakwama, daktari anayetuongoza akawa hasemi na mtu. Kanuni hainiruhusu kuandikisha mtu wa nyumbani mwangu, kwa hiyo Baba aliandikishwa na mwenzangu, lakini ulimi uliomlainisha ulikuwa wangu. Nilipomweleza alivua ile miwani yake ya kutazamia saa, akauliza hao vijidudu wa tumboni ni wangapi. Nikamwambia hawahesabiki.

"Kumbe miaka yote hii mimi ni nyumba ya kupanga," akasema, "na hakuna hata mpangaji mmoja aliyewahi kunisalimia."

Akakubali. Unamjua kaka yako, Shangazi. Mtu aliyekaa miaka arobaini na mitano akirekebisha saa za watu hawezi kufanya jambo nusunusu. Pakiti yake aliimeza saa moja kamili asubuhi, si dakika moja kabla wala baada. Siku ya kuleta kikopo cha choo kwa ajili ya vipimo alikuja amevaa koti, na kikopo amekitia ndani ya kile kiboksi chekundu cha saa za mkononi, chenye kitambaa laini ndani. Dada wa mapokezi alidhani ameletewa zawadi. Alishukuru kwanza, ndipo akafungua. Ofisi nzima ilicheka mpaka tukashika mbavu, na Baba amesimama wima pale mlangoni, anaeleza kwamba aliambiwa kisitikisike njiani. Siku hiyo nilijivuna kuwa mwanawe.

Sasa nakuja kwenye lile linaloniuma. Ilikuwa wiki ya nne, mchana wa joto kali. Yeye alikuwa hapa kwenye meza hii, mimi nimekaa pale sakafuni na fomu zangu. Akaniuliza polepole, bila kuinua kichwa.

"Hivi, Karani, kikombe kimoja tu kitaharibu kitu?"

"Kitaharibu, Baba."

"Haya."

Akarudi kwenye saa yake. Hakuuliza tena mpaka anakufa.

Katika fomu zetu kuna sentensi inayosema mtu anaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu, na hatalaumiwa. Sentensi hiyo nimewasomea watu wengi kuliko ninavyokumbuka, na wasiosikia vizuri niliwarudia mara mbili. Ilikuwa mdomoni mwangu siku ile. Niliimeza, kwa sababu niliogopa kurudi kwenye hamsini na tisa. Shangazi, hilo ndilo kosa langu, na silipunguzi.

Alikuwa anahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Alishanionya kwamba siku ya hamsini na saba atakunywa jagi zima, na nisimsemeshe mpaka amalize. Zilibaki siku kumi na moja. Asubuhi ile pakiti alishaimeza, akaketi kufungua saa ya mteja, na dada alipomletea chai akamkuta kichwa kimeinamia kifuani kama mtu anayetafuta skrubu iliyoanguka. Madaktari wamesema ni moyo, na kwamba unga haukuhusika kwa lolote. Hilo naliamini.

Mtu akifariki katikati ya utafiti, kamati hufungua siri yake. Jumatano iliyopita daktari aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, akaniambia. Pakiti za Baba zilikuwa za unga mtupu. Ni wanga wa mahindi, Shangazi, na sukari kidogo ya kudanganya ulimi. Daktari ni mama mwenye utu, alinishika mkono akanieleza kwamba bila watu wa unga mtupu utafiti hauwezi kujua chochote, na kwamba Baba ametoa mchango sawa na wengine. Ni kweli kabisa, na haikunisaidia. Nilikwenda kusimama mbele ya friji ambamo kikopo chake bado kipo, namba sitini, nikalia mpaka mfagiaji akanionea haya akaondoka na ufagio wake.

Halafu nikakumbuka chachu ya Bibi. Siku ya mazishi majirani waliosha kila chombo cha jikoni, na ile chupa pana ya mtindi niliiona imeinamishwa kwenye uchanja, safi, inang'aa. Nilikumbuka jinsi ya kwako ilivyokufa mwaka ule ulipohama, na jinsi ulivyosema kwamba ilikuwa kama kumzika mama yenu mara ya pili. Nikasema basi, nami nimemzika mara ya tatu.

Ijumaa ilikuwa siku ya hamsini na saba. Nilikuwa nimeshaamua kulala kutwa nzima nisiitazame kalenda. Mara hodi, kumbe ni Sentimita, yule fundi cherehani wa mlango wa pili. Tunamwita hivyo kwa sababu ukimlalamikia gauni linabana atakujibu kwamba ni sentimita mbili tu. Alikuwa ameshika jagi lililofunikwa kisahani.

"Fundi Saa aliniambia leo tunywe pamoja," akasema. "Sasa nimekuja, nifanyeje?"

Nikafunua. Ulikuwa mtindi wa Baba.

Shangazi, kaka yako alikuwa akichachusha maziwa kila siku. Katika siku zote zile za kujinyima, mimi nikiwa ofisini, alichemsha, akapoza, akabakiza vijiko viwili chini ya chupa kama Bibi alivyowafundisha, akamimina maziwa mapya juu yake, kwa sababu chachu ikikosa maziwa siku tatu hufa. Kesho yake mtindi aliupeleka kwa Sentimita, na yeye mwenyewe hakulamba hata kijiko. Na huyo Sentimita hapatani kabisa na kitu kichachu. Aliniambia alikuwa anaunywa kwa heshima tu, ameziba pumzi.

"Lakini baba yako mgumu," akasema. "Anakaa pale kwenye stuli ananitazama nikinywa. Nikimaliza ananiuliza, 'Leo ukoje?' Nikisema mzuri, hataki. 'Usiniambie mzuri, nieleze.' Mimi fundi nguo, maneno ya maziwa nayajulia wapi? Nikawa namwambia leo mzito, leo unakwaruza kidogo, leo uchachu umechelewa kufika. Ndipo anaridhika, anakwenda zake."

Nikamuuliza kwa nini ameendelea kuuchachusha baada ya mazishi, kwa vijiko viwili vya mtindi wa mwisho alioletewa na Baba, na hali haupendi. Akanishangaa.

"Nani aliniambia niache?"

Tulikunywa wote wawili hapa mezani. Mimi machozi, yeye amekunja uso. Ni uleule, Shangazi. Unaanza laini, unakudanganya kidogo, halafu uchachu unakuja nyuma na kubana masikio. Nilikunywa kikombe kimoja, nikashindwa cha pili.

Kitambaa ulichonacho ni cha pamba mpya, amekikata Sentimita mwenyewe, na kwa mara ya kwanza amekata kwa kipimo sahihi. Nimekiloweka katika mtindi ule na kukikausha kivulini siku mbili. Chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka kidole kivumilie, zamisha kitambaa, funika, usiyasumbue hadi kesho yake. Mtindi wa kwanza utakuwa mwepesi, usikate tamaa. Chukua vijiko viwili vyake, utie kwenye maziwa mapya, na urudie hivyo tena. Mara ya tatu utamtambua mama yako.

Nisalimie mzee wa hapo nyumbani, na binamu yangu mwalimu, na wale pacha ambao sijui hata sasa wana urefu gani. Dada anakusalimu sana. Mdogo wangu ameomba umwombee. Sentimita naye anasema ukija atakushonea gauni bure, nami nakushauri ulete la akiba. Mungu akupe nguvu ya magoti na ya moyo, na ampumzishe kaka yako mahali ambapo haulizi ruhusa ya kitu.

Ukinikasirikia, kasirika, Shangazi. Ni haki yako, na nitaipokea barua yako hata ikiwa ya moto. Ila kitambaa usikifue. Na siku utakapokunywa kikombe chako cha kwanza, niandikie mtindi ulivyokuwa. Usiniambie mzuri. Nieleze.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nilipokudanganya,

Karani