Kinyozi wa Injili

Jumapili, mchana

Kwako kaka yangu,

Pokea salamu zangu, ingawa ni miaka kumi na moja hujazipokea na huenda hata mwandiko huu umeusahau. Natumaini barua itakukuta mzima, mikono ina nguvu na kazi inakwenda. Nimesikia unatengeneza ngoma na kwamba watu wanatoka mbali kuzifuata. Sikushangaa, maana tangu utoto hukuziacha sufuria za Mama zipumzike. Sisi huku ni wazima. Mama hajambo, ila goti la kushoto linamsumbua, naye anaigombeza dawa utadhani ndiyo iliyomuumiza. Mimi nimeoa, na shemeji yako anakusalimu ijapokuwa hamjaonana. Bado ni kinyozi. Nina chumba changu chenye viti viwili na kioo kirefu, na wateja wanasema mkono wangu ni mwepesi lakini mdomo wangu hauna breki.

Kaka, nina jambo la kukuambia kuhusu siku uliyoondoka nyumbani. Nikilitanguliza utaichana barua, nami nitabaki nilivyo. Kwa hiyo nakuomba unisome kwa mpangilio wangu, na ukifika mwisho fanya utakavyo.

Mwezi uliopita kulikuwa na tamasha la rege kwenye uwanja wa mpira. Mwinjilisti wetu, mtu mwenye sauti ya kuzima redio, alisema kanisa haliwezi kukaa nyumbani huku Marasta wote wamekusanyika mahali pamoja. Tukafundishwa wiki tatu. Mwalimu alikuwa mhasibu mstaafu ambaye nadhani hajawahi kukaa na Rasta hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Alituambia tuwasalimie kwa kusema baraka, tusiwaguse vichwa, tusile chochote, na tukisikia mdundo unatuingia miguuni tuimbe pambio kimoyomoyo. Mimi nilipewa kazi ya peke yangu. Mwinjilisti alitaka mtu akiokoka asipewe nafasi ya kurudi nyuma, anyolewe palepale. Nikabeba kiti, mikasi mitatu, mashine ya betri na shuka jeupe. Wenzangu wakaniita Kinyozi wa Injili, na kichwa kikanivimba, sitakuficha.

Lakini sikuchaguliwa kwa ajili ya mikasi tu. Nilichaguliwa kwa sababu ya ushuhuda wangu, na ushuhuda wenyewe ulikuwa wewe.

Wewe unajua na mimi najua kwamba ulinyolewa ukiwa umelala na homa, hujitambui, na kwamba uliamka ukamkuta Baba amekaa kando ya kitanda na mkasi mkononi. Kanisani nilikohamia baada ya kuoa hawajui hayo. Siku ya kwanza nilisema tu kwamba nina kaka aliyekuwa Rasta akanyoa. Watu wakapiga makofi. Mara ya pili nikatia chumvi kidogo. Kufikia mwaka jana ulikuwa umeniita mwenyewe kitandani, umenisihi nikunyoe kwa mikono yangu, umelia, na homa imeshuka saa ileile. Wanawake walikuwa wakitoa leso, kaka. Nami nilishuka pale mbele kama mtu aliyefanya kazi ya maana.

Basi tukaenda. Ilikuwa Jumamosi, jua la saa nane, spika kubwa kama makabati. Tuliwakuta Marasta wanayajua Maandiko kutuzidi. Walitufungulia habari za watu walioweka nadhiri ya kutonyoa, wakatuuliza kwa upole kama na hao tungewabebea kiti na mashine. Mama mmoja wa kwaya alimhubiria kijana mwenye nywele ndefu kwa dakika ishirini, kumbe ni fundi mitambo na ni mshirika wa kanisa la jirani. Mpaka saa kumi kiti changu kilikuwa kitupu. Mwinjilisti akaniambia nisimame juu ya kreti nitoe ushuhuda.

Nikautoa. Mbele ya watu waliovaa kama wewe, wenye nywele kama zako, niliwaambia uliniomba.

Aliyekuja alikuwa fundi viatu. Wanamwita Ras Soli, kwa sababu anashona kandambili za ngozi na hajawahi kuuza soli inayobanduka. Mtu wa miaka hamsini na kitu, dredi zake zimefika kwenye mkanda. Alinivuta pembeni akanieleza hali yake bila kuzunguka. Binti yake wa pekee anaolewa kanisani, na upande wa bwana harusi wamesema hawatakubali bibi harusi aingie ameshikwa mkono na kichwa cha namna ile. Binti hajamwambia neno, ila analia akidhani baba hasikii. Yeye amelifikiria jambo hilo miezi miwili. Nywele zile ana miaka ishirini na minne nazo, na marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akimwoshea kila wiki. Akasema anataka kuniuliza kitu kimoja tu kabla hajakaa: ni kweli kaka yangu aliomba mwenyewe? Na alitumia maneno gani?

Hapo ndipo ningeweza kusema. Hakukuwa na mtu kati yetu, wala spika haikuwa inapiga. Nikamtazama machoni, nikamtungia maneno. Nilisema ulisema umechoka kubeba mzigo kichwani. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema kama mtu wa kwao aliomba mwenyewe na akapata amani, basi na yeye ataweza. Akakaa.

Kaka, nimenyoa vichwa vingi, lakini sijawahi kuona mikono yangu ikiwa mizito vile. Mkasi haukati dredi kwa mara moja, unazitafuna. Yeye alifumba macho muda wote. Nilipomaliza akapandisha mkono kichwani, akapapasa kuanzia kwenye paji mpaka kisogoni, kisha tena, polepole. Wewe ulifanya hivyohivyo siku ile. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikikuona.

Mwinjilisti akazinyanyua zile nywele juu, akapaza sauti kwenye kipaza sauti, kundi letu likapiga vigelegele. Ras Soli aliomba apewe nywele zake. Mwinjilisti akamwambia kwa tabasamu kwamba yaliyoachwa yameachwa, akazitia kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani ili Jumapili kanisa lione. Yule mzee akanigeukia mimi, labda akidhani kinyozi atasema neno. Mimi nikajitia kukunja shuka. Kabla hajaondoka akaniuliza anaweza kukupata wapi, maana angependa kuzungumza na mtu aliyepitia njia ileile. Nikasema unasafirisafiri sana.

Jumapili mfuko ulikuwa mezani, mbele, kando ya maua. Nikaitwa. Ungetegemea nishindwe kusema, sivyo? Nilisema yote, na mara hii niliongeza machozi. Machozi yenyewe yalikuwa ya kweli, ila hakuna aliyejua yanatoka wapi. Nilipokaa, shemeji yako aliniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia, kisha akarudisha macho kwenye mfuko. Tulipofika nyumbani akaniuliza mbona kaka mwenye amani namna hiyo hajawahi hata kututembelea.  Nikalala mchana kutwa kama mgonjwa.

Jumatatu nilimwomba mhudumu anayefagia kanisa anifungulie, nikauchukua mfuko. Nilimkuta Ras Soli kibandani kwake, kavaa kofia ya sufu juani. Nikamwambia kwamba kaka yangu hakuomba. Aliendelea kushona mpaka akafika mwisho wa mstari, akakata uzi kwa meno, ndipo akapokea mfuko. Nilianza kumwomba msamaha akaninyamazisha. Alisema yeye amedanganywa, lakini kichwa alikileta mwenyewe kwa ajili ya binti yake, na hilo hatalijutia. Akaniuliza kama wewe unajua ninachozunguka nikikisema. Nikasema hujui. Basi akaniambia nisimwombe msamaha yeye kabla sijakuomba wewe mwenyewe, kwa sababu yeye si mahali pa kufanyia mazoezi. Kisha akaniomba niinuke kwenye kigoda chake, kuna mteja anataka kukaa.

Alhamisi akaja kwenye chumba changu cha kunyolea. Hakukaa. Aliweka kipande cha boksi juu ya meza, chini ya kioo, akatoka. Kilikuwa na anwani yako. Alikuwa ameuliza kwa wapiga ngoma, na hao wakauliza kwa wengine, ikapatikana. Siku tatu tu, kaka. Kumbuka hilo, maana nitalirudia.

Sasa nakuambia. Si Baba aliyekunyoa. Ni mimi.

Ilikuwa mchana, Mama ameenda kukutafutia dawa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mkasi mpya wa kazi. Siku hizo nilijiambia kwamba nywele ndizo zinazokushikia homa, na kwa muda fulani niliamini. Lakini haikuwa homa. Juma lile nilichaguliwa kuongoza kwaya ya vijana, na mtu mmoja akauliza mbele ya wenzangu nitaongozaje sifa wakati nyumbani nalala chumba kimoja na Rasta. Walicheka. Nilikuwa nakuonea haya, kaka. Ndiyo sababu yote, haina sababu nyingine nyuma yake.

Baba aliingia nimeshamaliza. Hakunipiga. Aliuchukua mkasi mkononi mwangu, akaniambia nitoke. Pale mlangoni akanishika bega akasema kwamba yeye utamkasirikia kisha utarudi, kwa sababu baba ni baba, lakini sisi wawili tutabaki duniani bila yeye, na hataki jambo hili likae kati yetu. Akaenda kukaa kando yako kusubiri uamke. Ulipoamka akasema ni yeye. Ulipomwapiza, ulipofunga begi huku unayumba kwa homa, mimi nilikuwa bado mlangoni nasikia kila neno. Mama naye hakumsamehe. Alimpikia, akamfulia, lakini tangu siku ile hakuwahi tena kukaa naye kibarazani.

Ningeweza kuishia hapo, na wewe ungebaki na ndugu mwoga tu. Kuna lililo baya zaidi.

Baba alipougua, miaka mitatu iliyopita, aliniita akasema sasa ameniachilia. Nikuandikie, nikueleze ukweli wote, kwa sababu anataka kukuona. Nikasema nitaandika. Baada ya siku mbili akaniuliza kama nimeandika. Nikasema ndiyo. Kaka, sikuandika hata salamu. Nilijiambia sina anwani yako, na ni kweli sikuwa nayo, lakini sikumuuliza mtu hata mmoja, na Ras Soli aliipata kwa siku tatu. Kila asubuhi Baba aliuliza kama jibu limekuja. Nami kila asubuhi, huku nampangusa uso, nilisema bado. Juma la mwisho aliacha kuuliza. Alisema tu kwamba una haki, na nisikulaumu.

Alikufa akiamini umejua ukweli wote na bado umekataa kuja.

Ulipokosa kufika mazishini watu walikusema sana. Nami nilikuwa kati yao, nikitikisa kichwa kwa masikitiko.

Shemeji yako nimemweleza. Ametandika kitanda cha pili, na huko ndiko analala. Mwinjilisti pia nimemwambia. Ameniomba nisiharibu kazi ya Bwana kwa maneno yasiyo na haraka, nami nimemjibu kwamba Jumapili ijayo nitasimama palepale na kusema nililolificha, akipenda asipende. Mama nimemwambia jana baada ya chakula. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja, kama ni kweli Baba alikuwa akiuliza kila asubuhi. Nikasema kila asubuhi. Akainuka, akatafuta viatu vyake vya kutokea, akavivaa. Makaburi ni mbali kwa goti lile, na tangu mazishi hajawahi kukanyaga. Nikataka kumshika mkono akaukwepa. Nilipomuuliza anakwenda kufanya nini, alisema anakwenda kumwambia mumewe kwamba mtoto hakuipata barua.

Alirudi saa kumi na moja na udongo magotini. Hajanisemesha mpaka sasa, ila asubuhi ameniwekea karatasi na kalamu mezani.

Kaka, sikuombi unisamehe katika barua hii. Nakuomba uje kwa Mama. Siku utakayotaja nitafunga chumba cha kunyolea niende kwa wakwe, ili usilazimike kuniona, na nisipokuona nitajua ni haki yangu. Shemeji yako anakusalimu tena. Mama anakusalimu, amenyoosha kidole kwenye karatasi niliandike hilo mbele yake. Wasalimie ulio nao huko, wakubwa kwa wadogo, na mkono wako uendelee kuwa mzima.

Barua hii imechelewa miaka mitatu. Ilitakiwa ikukute Baba yu hai.

Wako,
mdogo wako uliyelala naye chumba kimoja