Kikohozi Kilikuwa Kikohozi Tu

Ijumaa, Februari 2013

Theluji imeacha kuanguka, ila baridi bado inauma masikio. Mwili umechoka, moyo umetulia. Niandike kabla sijaanza kupika.

Nimetoka hospitali na binti yangu, Rehema. Ana miaka tisa. Alipokuwa na miaka miwili nilikuwa namwogesha, mkono wangu ukagusa kitu kigumu tumboni, upande wa kulia. Ilikuwa saratani ya ini. Walimpa dawa, wakakata kipande cha ini, wakatuambia kilichobaki kitakua tena. Kikakua kweli. Tukarudi nyumbani hapa Don Mills, mtaa wetu huku ughaibuni, tukapika pilau, tukaalika watu wa kanisani.

Nywele zake zilizonyonyoka kwa dawa hazijafika hata urefu wa kusukwa, ugonjwa ukarudi. Safari hii kwenye pafu.

Mtoto alikuwa anakula, anakimbia. Ni kipimo cha damu tu kilichopanda, kisha picha ikaonyesha kidoa kama punje ya mchele. Mume wangu alimuuliza daktari, "Kuna watoto wanaopona baada ya kurudiwa?"

Daktari hakupamba maneno. "Wapo," alisema. "Si wote, lakini wapo."

Hilo "wapo" ndilo lililotuvusha: upasuaji wa kifua, dawa upya, ndoo ya kutapikia kando ya kitanda. Dawa iliyomponya ilimharibia usikivu. Leo anavaa vifaa vya kusikia vya zambarau, rangi aliyoichagua mwenyewe.

Miaka ikapita, vipimo vikawa safi. Halafu wiki iliyopita akaanza kukohoa.

Kwa mzazi mwingine hayo ni mafua. Mimi niliwaza pafu lile lile. Nilimpa asali na tangawizi, nikawa namtegea sikio nyumba nzima, hata akiwa chooni.

"Mama Rehema," mume wangu akasema, "nusu ya darasa lake wanakohoa."

"Nusu ya darasa lake hawajapasuliwa kifua."

Alichukua simu, akapiga hospitali, akaomba miadi yake ya vipimo iwe mapema zaidi. Nilimpenda sana pale.

Leo basi wamempiga picha, wamemtoa damu, tukasubiri. Daktari wetu, mama mrefu aliyemhudumia tangu mwanzo, aliingia na hata hakukaa. "Ni mafua," akasema. "Mapafu safi, damu safi." Kisha akaongeza kwamba alikuwa anangoja miadi hii ili atuage. Anamhamishia Rehema kliniki ya watoto waliopona. Atakuwa anaonwa mara moja kwa mwaka.

Waliopona.

Miaka yote hii hakuwahi kulitumia neno hilo mbele yetu. Nilitaka kumshukuru, nikaanza kulia. Rehema anaelewa Kiswahili chote lakini hunijibu kwa Kiingereza. Leo, sijui kwa nini, akanishika mkono na kusema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "Mama, usilia. Mimi nasikia njaa."

Nikacheka huku nalia. Daktari naye akacheka, bila kuelewa hata neno.

Nje, kwenye maegesho, nikampigia mume wangu kazini.

"Amesemaje?"

"Amesema waliopona."

Nikasikia mashine za kiwandani nyuma yake.

"Hebu rudia," akasema.

Nikarudia.

Sijidanganyi. Mwakani nitaingia kliniki hiyo mpya na hofu ile ile, na nadhani mwaka unaofuata pia. Nimewafahamu wazazi waliokaa nasi wodi ile na hawakurudi nyumbani na mtoto. Siwasahau, na leo nimewaombea kabla ya kujiombea mimi.

Lakini nina furaha. Ni ya kawaida kabisa, ya mtu anayewaza atapika nini.

Mwalimu wake aliuliza kama Rehema anaweza kwenda na wenzake kuteleza kwenye barafu. Wiki nzima nilikuwa nakwepa kumjibu. Nimemjibu sasa hivi.

Akipona mafua, aende.