Waya Shingoni mwa Vện

Ninh Vân, Hoa Lư,
Ninh Bình.
Tarehe 19 Agosti, 2017.

Mpendwa mdogo wangu Khuê,

Kwanza nikujulie hali. Kile kifua kimepona, au bado unakohoa kila ukitoka kwenye chumba cha baridi pale kiwandani? Unakula wali wa kushiba, au ni zile tambi za kumwagia maji ya moto tu? Sisi huku hatujambo kwa kiasi chake. Mvua zimeanza mapema, paa la jikoni linavuja, na Mama ameshagombana na majirani kwa sababu ya kuku wao. Hiyo ujue ni dalili ya afya.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono na kumpa Bi Nhàn, anayerudi huko Taiwan baada ya likizo. Kwenye simu Mama huwa ameketi ubavuni mwangu, na ukiuliza tu habari za safari ya kumhamishia kwetu yeye na mbwa wako, hudakia, "Tulifika salama." Kufika, tulifika. Lakini mbwa ni wako, na mama ni wetu sote, kwa hiyo nakueleza yote.

Maelekezo yako tuliyafuata. Shemeji yako Bằng alitangulia Thanh Chương kwa Mama, akawa anamzungusha Vện na gari pale kijijini, mizunguko mifupi kwanza, kisha mirefu, mpaka mbwa akaacha kutetemeka injini ikiwaka. Asubuhi ya safari hatukumpa chakula, maji tu. Ule mkanda wa kifuani uliotuma ulimkaa vizuri. Tulimweka kiti cha nyuma cha pikapu na kuunganisha mkanda wake na mkanda wa kiti kwa kile kibanio cha chuma. Mama alinuna, maana alitaka kumpakata njia nzima. Akasema tumemfunga kama nguruwe wa kupelekwa sokoni, na kwamba Khuê akimwona atalia. Nikamwambia ni Khuê huyohuyo aliyeagiza.

Hatujafika mbali, nyati wa kulimia akakatiza barabara ghafla. Bằng alikanyaga breki mpaka tukainuka vitini. Kikapu cha Mama cha tambuu kiliruka kikagonga mbele na kumwagika chote. Vện alirushwa, mkanda ukamdaka, akarudi kitini akitushangaa. Mama aliokota tambuu zake kimyakimya, na habari za nguruwe zikaishia hapo.

Mchana tulisimama kula kwenye mgahawa wa kando ya barabara kuu, kabla ya kuingia Thanh Hóa. Unalijua joto la kule. Mbwa akifungiwa vioo kwenye gari, anakufa kabla hujamaliza bakuli. Mama akasema atabaki naye, apelekewe uji wake wa samaki mkunga palepale. Tuliegesha kivulini, tukashusha kioo cha upande wa Vện nusu. Mimi na Bằng tulikaa meza ambayo gari linaonekana.

Wanaume wawili walikuja na pikipiki polepole. Nilidhani wanatafuta pa kuegesha. Yule wa nyuma akashuka na fimbo ndefu yenye kitanzi cha waya, akaipenyeza dirishani. Nilimsikia Vện akianza kulia, halafu sauti ikakatika.

Wezi wa mbwa wamezoea kunasa, kuvuta na kuondoka. Ila safari hii mbwa hakutoka. Mkanda wako ulimshikilia kifuani, waya ukamvuta shingoni, na kila yule mtu alivyozidi kuvuta ndivyo Vện alivyozidi kunyongeka, miguu ya mbele ikipiga kioo. Mama aliishika ile fimbo kwa mikono yote miwili. Yule mtu akatoa kifaa cha shoti ya umeme akamgandamizia mkononi. Mama hakuachia. Akamgandamizia tena, shingoni. Khuê, hata siku tuliyomzika Baba sikumsikia mama yetu akipiga kelele. Siku ile nilimsikia.

Bằng alipita juu ya meza. Spana ya magurudumu ilikuwa nyuma ya pikapu. Pigo la kwanza lilitua kwenye mkono ulioshika kile kifaa, na mfupa niliusikia ukivunjika. La pili begani, la tatu gotini. Yule dereva wao alitaka kukimbia, pikipiki ikateleza kwenye kokoto, akaiacha na kutokomea kwenye mashamba ya karanga. Hasira yote ikabaki kwa mmoja.

Watu walitoka kila upande: mgahawani, kwa mziba pancha, kwenye vibanda vya matikiti. Walikuja na matofali, na mianzi, na minyororo ya kufungia mizigo. Watu wa kijiji kile walikuwa wameibiwa mbwa wengi tangu sikukuu ya mwaka mpya, Tết. Mama mwenye mgahawa, wa rika langu, alimpiga kwa kigoda mpaka kikapasuka, na kila pigo lilikuwa na jina la mbwa wake. "Hii ya Mướp," alikuwa anasema, kwa sauti ya mtu anayegawa chakula. "Hii ya Vàng. Hii ya mama yao." Wengine wakaitia moto pikipiki. Mtu mmoja akasema aletwe karibu na moto, na wakaanza kumburuta kwa miguu. Bằng hakuwa ameacha kupiga. Nilimwita jina lake, hakunisikia.

Mimi nilikuwa ndani ya gari na Vện. Nilifungua kibanio chako, nikadhani atapumua, kumbe waya ulikuwa na kufuli la aina yake linaloingia bila kurudi. Ulikuwa umezama kwenye manyoya, na nikiuvuta unazidi kubana. Ulimi wake ulikuwa umegeuka rangi. Nilijaribu kwa kucha, nikajaribu kwa kisu cha Mama cha tambuu, nikamkata yeye badala ya waya.

Mama alikuwa amelala ubavu kitini, nikidhani hajitambui. Akafumbua macho, akamtazama Vện, akatazama kule nje. Alishuka. Mguu mmoja alikuwa anauburuta, na ndara moja alikuwa ameiacha njiani. Akapenya katikati ya watu wale wote, na wakampisha, nadhani kwa sababu ya jinsi uso wake ulivyokuwa. Akasimama juu ya yule mtu.

"Bằng," akasema. "Mkimuua huyu, nani atafungua waya?"

Bằng akashusha spana.

"Mbwa wa Khuê anakufa. Muinueni."

Wakamuinua. Wale wale waliokuwa wanamburuta motoni ndio waliombeba mpaka mlangoni mwa gari. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, mdomo umejaa damu, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Alipapasa shingo ya Vện kwa mkono wa kushoto, lakini vidole havikuwa na nguvu. Akanionyesha mimi.

"Bonyeza ndani kwanza," akaniambia, taratibu, kama fundi anavyomwelekeza mwenzake. "Zaidi. Sasa vuta."

Waya ukaachia. Vện alivuta pumzi kwa mlio ambao bado nausikia nikiwa nafua nguo. Na nguvu ya kwanza iliyomrudia, aliitumia kumng'ata yule mtu mkono uleule wa kushoto, akaung'ang'ania. Yule mtu hakuutoa. Aliegemea gurudumu letu akasubiri mbwa aachie mwenyewe. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyempiga tena. Mama wa mgahawa aliingia ndani, akarudi na maji, akayaweka chini karibu naye bila kumtazama.

Polisi walipofika walimpeleka hospitali. Mama walimuuliza anataka nini. Akasema anataka ndara yake itafutwe.

Sasa hali ndiyo hii. Mama ana makovu mawili ya kuungua, na vidole vya mkono wa kulia vinatetemeka, hasa akikunja tambuu. Anasema ni uzee, usimbishie. Vện anakula na analala vizuri, ila sauti imekwisha. Akibweka unatoka upepo tu, kwa hiyo usimsubiri kumsikia kwenye simu. Mkanda wako ulimwokoa, na mkanda huohuo nusura umnyonge. Siku hizi tukisafiri naye tunakula kwa zamu, mmoja anabaki nje amemshika kamba kivulini, na tukiwa ndani ya gari kioo hakishuki zaidi ya upana wa vidole.

La mwisho linamhusu Bằng, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Habari zilitutangulia hapa Ninh Vân. Majirani wanakuja na pombe ya mchele kumpongeza, wanataka awasimulie mapigo moja baada ya jingine. Yeye anatokea mlango wa nyuma. Tangu turudi hajashika tindo ya kuchongea mawe, na jiwe la kaburi la mteja limekaa uani, maua yake yamechongwa nusu. Juzi aliniuliza kama nadhani angeacha kupiga hata kama Mama asingekuja. Nilimwambia ndiyo. Akasema, "Mimi nilikuwepo, Thoa. Nisingeacha."

Ukipiga simu, mdogo wangu, usimsifu. Mshukuru kwa kumfikisha Vện, muulize habari za mvua, basi.

Msalimie Hạnh mnayekaa naye chumba kimoja, na yule mpishi wenu anayekuwekea ukoko. Mjomba Lẫm anakusalimu, na mke wake anauliza utaolewa lini, nimemwambia akuulize mwenyewe. Wazee wetu waliotangulia wakufunike huko ugenini, wakurudishe mlangoni kwetu ukiwa na viungo vyako vyote na kicheko chako.

Ni mimi dada yako nikupendaye kila siku,

Thoa