Majani Niliyoyaita Mkangazi

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Kabla hujaendelea nakuomba usome barua hii peke yako, na ukimaliza usimwambie mtu hata neno moja. Hata Mama. Mama akijua, Shangazi atajua, na Shangazi akijua, soko zima la Muheza litajua. Mwambie nimeandika kuuliza hali tu. Na kweli nauliza: mgongo wako unaendeleaje? Kikohozi cha Mama kimepoa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia.

Mwezi wa nne sasa niko huku Serengeti. Watu si wabaya, Baba, ila kazini wakikaa pamoja wanazungumza Kikurya, na wakicheka mimi natabasamu bila kujua kinachochekwa. Jumapili wanakwenda kanisani, mimi nabaki chumbani kufua nguo ambazo hazijachafuka. Kuna siku hupita sijasema lolote zaidi ya "shikamoo" na "asante".

Ndiyo maana siku ile maofisa wa misitu walipoingia ofisini kwetu na tawi la mti uliokatwa Busawe, mmoja akaniambia, "Haya mtu wa Tanga, nyie mmezaliwa msituni. Huu mti gani?", nilifurahi kupita kiasi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu. Tawi lilikuwa limenyauka na kuvunjikavunjika. Vijani vilikaa viwili viwili kwenye kikonyo, na nchani hapakuwa na kitu. Akilini nikauona mkangazi wetu wa nyuma ya nyumba. Nilitaka uwe mkangazi, Baba.

Nikasema, "Mkangazi."

"Mura, kumbe tuna mtaalamu humu!" akamwambia mwenzake. Wakapiga makofi. Nikaliandika jina kwenye fomu kwa mkono wangu, na kwa jina hilo aliyeukata, Mzee Marwa wa Busawe, akashitakiwa kukata mti unaohitaji kibali. Hakupata mdhamini. Hii ni wiki ya tatu yuko mahabusu.

Jumanne nilitumwa Busawe kupeleka wito kwa shahidi, jirani wa Mzee Marwa. Mke wa Mzee Marwa alinitambua kabla sijamwamkia.

"Wewe ndiye yule msichana wa Tanga?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mzee wangu amefungiwa jina la mti ambao hajawahi kuuona. Njoo uone huu mwingine, ndugu yake ule. Ule ulikuwa umeinamia jiko langu, tungefanyaje?"

Akanipeleka nyuma ya zizi. Baba, kila kikonyo kilimalizika kwa kijani kimoja, peke yake, kimesimama mbele kama kiongozi. Kwenye lile tawi la ofisini kilikuwa kimekatika tu. Chini palikuwa na maua madogo meupe yanayonukia, na matunda mekundu, laini, ya mviringo, mbuzi wanayala. Tunda la mkangazi ni gumu kama ubao, likikauka linapasuka na kutoa mbegu bapa zenye mabawa. Hilo nalijua tangu nikiwa mdogo. Wewe mwenyewe kule kwenye bustani ya miche ulinikataza kutaja mti kwa jani tu.

"Umeona?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Hakunitukana. Alinipa maziwa.

Nilipomweleza mkuu wangu, alifunga mlango. "Unataka nimwambie hakimu kwamba karani wangu hajui majani? Wewe bado uko kwenye majaribio, binti. Kaa kimya, mzee atapewa onyo, yataisha." Lakini nimewasikia maofisa wakisema ni kifungo. Tangu siku hiyo mkuu ananisalimia kwa upole mno, na upole huo unanitisha kuliko ukali.

Ndani ya bahasha hii kuna kikonyo kizima, maua kwenye karatasi, na tunda nililolipasua nikalikausha. Simu yako haipokei picha, na ya Shangazi siitaki. Ponda jani unuse, kama unavyofanya. Naomba uniambie kama nimeona sawa safari hii. Kesi ni Alhamisi ijayo. Nimeshamwahidi mama yule kwamba nitakwenda mahakamani kusema ukweli, na ninaogopa sana.

Msalimie Mama, na mdogo wangu Rashidi asiache kusoma. Bibi jirani mpe shikamoo yangu.

Usipige simu ya ofisini wala usitume ujumbe. Huku simu zinaachwa mezani. Nipigie Jumatano saa saba mchana, nitakuwa nimetoka kwenda kula. Taja jina la mti kwanza, salamu baadaye. Alhamisi asubuhi usijaribu, nitakuwa mbele ya hakimu na simu nimeizima. Jaribu tena jioni. Usiponipata, namba nyuma ya bahasha ni ya mke wa Mzee Marwa. Anaitwa Mama Bhoke. Muulize yeye yaliyotokea, maana atakuwa amekaa karibu yangu mahakamani.

Mwanao,
Zaina