Mluzi Ulioondoka na Meno Yako

Baba yangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini sijui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Unakumbuka jioni zetu za Munisagara? Ukitoka shambani ulisimama relini na kutuita kwa mluzi, kila mtoto na wake. Wa kaka Hamisi ulikuwa mrefu, wa kuvuta. Wangu ulikuwa mfupi, unapanda mwishoni. Treni ikipita ulinyamaza, ukaisubiri iishe yote, ndipo ukaanza upya, maana hukutaka hata mmoja wetu aseme hakusikia. Nami nikikujibu kwa mluzi, mama alifoka kutoka jikoni, "Wewe! Mtoto wa kike hapigi mluzi!" Nawe ukamwambia, "Mwache, mama Hamisi. Huyo ananijibu mimi."

Kisha fizi zako zikaanza kutoka damu. Hazikukuuma sana, ndiyo maana hukwenda popote. Uliacha mswaki, ukasema, "Nazipumzisha, mswaki unazichokoza." Tukaona umefanya la maana, pale kwetu nani hakufanya hivyo? Ukawa unasukutua maji ya chumvi tu. Meno yakalegea, ya mbele yakatangulia kung'oka.

Siku moja ulisimama palepale relini, ukakunja midomo, ukatoka upepo mtupu. Ukajaribu tena. Nilikuwa nakutazama kutoka uani, nikakimbia kuja kwako kana kwamba nimesikia. Tangu hapo ulituita kwa majina. Baba, nililichukia jina langu.

Sasa naishi Mikumi, nawapikia madereva wa malori pale barabarani. Mwaka huu jino langu la mbele lilianza kucheza, na kila asubuhi nikatema damu. Nilijua ninakoelekea. Niliogopa, baba, na si kwa ajili ya kutafuna nyama. Mluzi wako mmoja uliobaki duniani upo mdomoni mwangu.

Nikaenda Dar kwa daktari wa meno, binti mdogo kuliko mimi, mwenye mikono myepesi. Nilipomweleza habari ya kuzipumzisha fizi, akatikisa kichwa. "Pole, mama. Fizi inayotoka damu ndiyo inayotaka kusafishwa. Ukiiacha, bakteria wanajenga humo."

Akaanza kwa kukwangua ukoga uliogandamana chini ya fizi, kazi ya kutoa machozi. Halafu akanivalisha miwani ya kukinga mwanga, akaingiza rangi ya bluu kwenye vishimo vilivyo kati ya jino na fizi. Mdomo wangu ukawa kama wa mtoto aliyetafuna kalamu. Baada ya kungoja kidogo akaleta taa nyekundu, nyembamba kama njiti, akaigusisha pale. Alinieleza kwamba rangi inawashika bakteria, na mwanga ukiifikia inawaua humohumo walimojificha. Sikuhisi kitu zaidi ya vuguvugu.

"Haitarudisha mfupa ulioliwa," aliniambia wazi. "Na mswaki usiuache hata siku moja. Hilo jino tutalipigania, ila siwezi kukuahidi." Nikamwambia nalitaka kwa ajili ya kupiga mluzi. Akacheka, akadhani natania.

Nilitaka kucheka naye, nikajikuta nalia ndani ya ile miwani. Ningetaka ukae wewe kwenye kile kiti. Ningekushikia kofia yako, ningekutania kwa huo mdomo wa bluu hadi unifukuze. Nina hamu na wewe, baba. Hainiishi.

Jana daktari alilitikisa tena lile jino. Limeshika, si kama zamani, lakini limeshika, na damu imekoma. Basi leo, badala ya kwenda moja kwa moja Mikumi, nimepitia Munisagara. Nimesimama relini nikataka kukuita, nikashindwa. Sisi sote tulikuwa na miluzi yetu. Wewe hukuwa na wako. Muda wote wewe ndiye uliyekuwa ukiita.

Nikakutungia palepale. Unaanza kwa mvuto wa Hamisi, unaishia kwa kupanda kwangu. Sikuwa nimeumaliza, treni ikaja. Nikanyamaza, nikaisubiri iishe yote.

Kisha nikaanza upya.

Ni mimi, binti yako wa mluzi mfupi.