Dripu Nne Nilizosema Sikutapika

Jumatatu, 4 Agosti
Nina miaka sabini na minne. Nimezika wake wawili na kaka watatu. Ukame wa kwetu Shinyanga ulimaliza ng'ombe wa watu, wangu nikawaleta mpaka huku Kwala wakiwa hai. Sasa nimeishi kuliko hata titi langu la kushoto. Lenyewe lilikatwa mwezi wa pili. Mimi nipo.

Asubuhi zoezi la nesi. Vidole vya mkono wa kushoto vinapanda ukutani, polepole, kama mjusi. Vikiishia naweka alama ya mkaa. Leo nimeipita ya jana kwa kidole kimoja. Mwanaume mwingine angeacha zamani.

Hapa Kwala wanajua fahali wangu Mabaka kanipiga pembe. Niliwaambia mwenyewe, lamboni tunakonyweshea, mbele ya wafugaji wote. Kansa ya titi ni ya wanawake. Ningewaambiaje? Anayejua ni binti yangu Kabula tu, ndiye alinipeleka hospitali. Mabaka hawezi kujitetea.

Jumatano, 6 Agosti
Kabula kasema nesi ametuma ujumbe. Kibaha kuna wanawake waliopona kansa ya titi, na wengine bado wanatibiwa. Wanakutana Jumamosi. Eti niende.
Nimekataa. Mimi nikae na wanawake tuzungumze matiti?
Kabula hakubishana. Akaenda kupiga pasi shati langu jeupe. Kafanana na mama yake.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekwenda. Shati lilikuwa limeshapigwa pasi.

Nyumba ya Mama Tumaini, karani mstaafu. Wanawake kumi na mmoja uani kwake. Mmoja akaniamkia, "Shikamoo babu. Umemsindikiza nani?" Nikasema nimejisindikiza mwenyewe. Wakatazamana. Nilitaka kugeuka. Mama Tumaini akasema, "Basi kaa, baba. Chai ya maziwa au ya rangi?" Kama vile wanaume huja kila siku.

Nilidhani alama za ukutani nimezibuni mimi. Ukuta wa Mama Tumaini umejaa alama za chaki, kila moja na jina. Walinisimamisha nami. Nimewapita wanne. Nikawaambia.

Wanashona matiti ya kitambaa ya kuweka ndani ya sidiria. Kanga kuukuu, ndani usufi. Bi Stara, mnene, mcheshi, akaja na futi shingoni: "Babu, wewe tukukatie namba ngapi?" Walicheka mpaka mmoja akashika kidonda. Nilikasirika sana. Bi Stara akashona kidogo, kama kitumbua. "Si la kuvaa, babu. Weka chini ya kwapa, mkono upumzike." Nikakitia mfukoni. Sikushukuru.

Usufi ulikuwa wa Mwanaidi, katoka nao kwao Chole, kule Kisarawe ndani kabisa. Bado binti. Amekatwa kama mimi, dripu za kansa amemaliza mbili, zimebaki mbili. Kichwa kimefungwa kilemba, nywele hana. Akanisogelea kwa sababu wote wawili ni wageni. Akauliza kwa sauti ndogo, "Babu, wewe dripu zilikufanyaje?"
Nikasema, "Mimi? Zote nne. Sikutapika hata mara moja. Nilitoka pale nikaenda kukamua."
Akasema, "Mungu akupe nguvu, babu."
Nilijisikia vizuri njia nzima.

Jumatatu, 11 Agosti
Mkono umepanda. Ndama mmoja anaharisha. Jirani kaniuliza nilikuwa wapi Jumamosi. Nimesema mnadani.

Jumamosi, 16 Agosti
Mwanaidi hakuja. Alhamisi hakwenda kwenye dripu ya tatu pia.

Mama Tumaini alimpigia simu, akaiweka sauti kubwa ili wote tumsalimie. Mwanaidi alikuwa analia. Kasema haendi tena. Kasema dripu ya pili alitapika siku tatu, akaanguka chooni, mama yake akambeba. "Kama babu wa miaka sabini hakutapika hata mara moja, basi mwili wangu ndio umekataa dawa. Ya nini kujitesa? Niacheni nife kwetu."

Simu ikakatika.
Bi Stara alikuwa na sindano mkononi, hakushona. Wote walinitazama.
Nikasema naumwa tumbo. Nikaondoka.

Jumapili, 17 Agosti
Sikula.
Nina hasira na Mwanaidi. Nani kamwambia ashike maneno ya mzee? Wazee husema. Nina hasira na nesi. Na Kabula na pasi yake.

Jioni nimefungua kurasa za nyuma za hii kauntabuku. Za mwezi wa tatu na wa nne. Nilikuwa sijazisoma tangu niziandike. Nesi ndiye aliniambia niandike kila siku mwili unasemaje. Nimeandika kweli. Mwandiko umelala kama nyasi zilizokanyagwa.
Nikaifunga.

Jumatatu, 18 Agosti
Mama Tumaini kapiga simu. Daktari kasema Mwanaidi akienda Alhamisi hii watampa ya tatu. Asichelewe. Bila kumaliza, ugonjwa unaweza kurudi. Yeye na Bi Stara wanakwenda Chole kesho kumsihi, shemeji wa Bi Stara ana gari.
Hakuniambia niende. Hilo ndilo lililoniuma.
Nikamwambia nitawasubiri Kibaha saa kumi na mbili asubuhi. Akasema, "Sawa, baba." Basi.

Jumanne, 19 Agosti
Chole. Nimechoka. Naandika yote.

Kupita Kisarawe mjini, kisha vumbi tupu. Bi Stara aliimba njiani. Kauntabuku nimeiweka ndani ya shati, upande ule usio na titi. Ilikaa vizuri.

Mwanaidi alikuwa mkekani, chini ya nguo mbili, na jua lote lile. Amekonda. Mama yake akatukaribisha mihogo. Mama Tumaini akaongea, Bi Stara akaongea, kila mmoja akasema yake, alivyonyonyoka nywele, alivyochukia harufu ya vitunguu. Mwanaidi anaitika kwa adabu tu. Anatazama ukuta. Nikaona maneno hayaingii. Yangu yalikuwa yamewahi kuingia.

Nikatoa kauntabuku. Nikasema, "Mwanangu, nilikudanganya. Sikiliza." Sijawahi kusomea watu. Nasoma kwa kidole, neno moja moja. Nimesoma ukurasa huu:

"Dripu ya pili. Nimetapika kwenye ndoo ya kukamulia. Kabula kaishika. Nimejikojolea. Nimelia nikaita mayu, mayu. Mama yangu kafa zamani. Sirudi tena kule hata waje na polisi."

Nikanywa maji. Nikafungua mwingine:

"Dripu ya tatu. Nimerudi. Kabula kaniburuta. Nimetapika tena. Naiogopa sindano kuliko chui."

Kila ninapokwenda hujisifu kwamba niliwahi kumfukuza chui kwa fimbo. Na sasa hilo nalo limeharibika.

Mama yake Mwanaidi akashika mdomo. "Na mtu mzima huyu!" Mwanaidi akageuka kutoka ukutani. Akauliza, "Kwenye ndoo ya maziwa, babu?"
Nikasema ndiyo. Ile nyeupe. Mpaka leo siwezi kuitumia, Kabula anafugia vifaranga.
Akacheka. Kidogo tu, kisha akashika kovu. Akalia. Bi Stara akamshika kichwa, akamfungua kilemba, akavua na chake. Nywele zake zimeota fupi kama za mtoto. Akaupeleka mkono wa Mwanaidi pale juu, auguse. "Zinarudi, mdogo wangu. Shika uone."

Nikaambiwa nitoke nje, wanawake wanaonyeshana makovu. Nimekaa barazani na mihogo yangu. Kisha mama yake akaja: "Babu, wanakuita." Nikaingia. Nikafungua vifungo vya shati. Mwanaidi akatazama kovu langu muda mrefu, akatazama lake. Akasema, "Yameshonwa sawasawa."

Tulipoaga sikumsikia akisema ataenda. Alisema tu, "Nimesikia, babu."

Jumatano, 20 Agosti
Hakuna simu. Mkono sijaupandisha.

Alhamisi, 21 Agosti
Toka asubuhi nazunguka na simu. Lamboni haishiki mtandao, nikawaacha ng'ombe na Kabula, nikasimama kwenye kichuguu. Jirani kauliza kama nasubiri mvua.

Saa tisa alasiri Mama Tumaini kapiga. Mwanaidi amekwenda. Mama Tumaini yuko pembeni yake, dripu inashuka. Akampa simu. Mwanaidi akasema, "Babu, nimetapika."
Nikasema, "Vizuri."
Hakukata, nami sikukata. Tukakaa hivyo mpaka salio likaisha.

Jumamosi, 30 Agosti
Asubuhi lamboni niliwaambia wafugaji kwamba Mabaka hakunipiga pembe. Nikawaambia ni nini. Hawakucheka. Mmoja alitazama chini, akajipapasa kifuani juu ya nguo, akaniuliza uvimbe huanzia wapi. Nimemwonyesha. Jumatatu Kabula atampeleka kwa nesi.

Mchana Kibaha. Mwanaidi kaja, amechoka, kaleta gunia la usufi. Imebaki moja. Ameniomba niende naye, nishike ndoo. Nimekubali. Bi Stara kamsimamisha ukutani, chaki yake imefika chini ya yangu kwa vidole vitatu. Sikusema kitu.

Kile kitumbua cha kitambaa kiko chini ya kwapa ninapoandika. Mkono hauumi.

Niliyoandika humu ni kweli, hata ya kuiogopa sindano kuliko chui. Kabula aliishika ndoo. Mama Tumaini na Bi Stara walinisikia nikisoma. Mwanaidi wa Chole ameliona kovu.